Nimeshindwa kusema hapana Pune, na ya wenzangu nimeshindwa kuisikia

BintiPangani

Habari za saa hizi wadau, hasa mliowahi kusoma au kuishi India. Naombeni msaada kabla sijapasuka tumbo au sijapoteza rafiki.

Mimi ni mtu wa Tanga, nina mwaka na miezi miwili hapa Pune, nasoma shahada ya pili. Nimepanga chumba cha juu kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kimarathi, mtaa wa Kothrud. Mtaa mzima unamwita Kaku, kama sisi tunavyomwita mtu shangazi hata kama hatujui kwao ni wapi. Kaku hana baya. Nilipougua homa ya dengi alinipandishia uji wa mchele mara tatu kwa siku, na goti lake lile bovu. Nalisema hili mapema ili asije mtu hapa akamtukania mama wa watu.

Shida ni chakula. Jumapili moja aliniita chini nikale puran poli. Kwa msioijua, ni chapati nyembamba iliyojazwa dengu zilizopondwa na sukari guru, halafu inamwagiwa samli mpaka inang'aa. Yeye mwenyewe hali, amesimama na kijiko. Ya kwanza nikaila kwa raha zangu. Nikasema "bas", nikajiona mjanja, maana basi yetu na bas yao ni ndugu. Ikaja ya pili. Nikasema "nako, Kaku, nako". Nako kwa Kimarathi ndiyo sitaki yenyewe, nilifundishwa wiki ya kwanza. Ikaja ya tatu. Hapo nikafunika sahani kwa kiganja. Kijiko cha samli kikasimama hewani juu ya mkono wangu, Kaku ananitazama, mimi namtazama, mumewe kaacha kutafuna. Mara tone likaniangukia kidoleni, wote wakacheka, nikatoa mkono nijifute, na hapohapo samli ikamwagwa. Nikala. Nina vidonda vya tumbo, jamani. Usiku ule nililala nimekaa.

Jumapili iliyofuata nikafunga pazia, nikazima feni isisikike, nikajilaza sakafuni. Kaku akapanda, akagonga, akaita, akashuka. Nikamshukuru Mungu. Baada ya dakika kumi nafungua mlango, nakuta dabba kizingitini, lile kopo la stili la ghorofa tatu, la moto. Na chombo cha watu hakirudishwi kitupu, hiyo Tanga na Pune ni sheria moja. Nikapika maandazi nikalijaza. Likarudi limejaa zaidi. Sasa hivi tuko raundi ya kumi na moja.

Ya darasani sitayaeleza sana. Kuna mwenzetu kila kazi ya kikundi ananitumia "please yaar", tafadhali rafiki yangu, nimfanyie. Namjibu nitaangalia. Moyoni nimeshakataa, yeye anahesabu nimekubali. Nimeshamwandikia ripoti mbili.

Ila kilichonifanya niandike leo ni kingine. Nina rafiki yangu darasani anatoka Nagpur. Agosti nilitaka kupika pilau ya kuku siku yangu ya kuzaliwa, nikamwalika. Akasema, "Haan, dekhte hain," ndiyo, tutaona. Nikamuuliza tena, akasema "try karungi", atajaribu. Mara ya tatu nikamshika mkono kwenye ngazi za maktaba, "Pakka?" yaani kweli? Akatikisa kichwa ule mtikiso wao wa kando, nikauandika kuwa ndiyo. Asubuhi ya siku yenyewe akatuma ujumbe kwamba mama yake hajisikii vizuri. Nikampigia. Nikamwambia nimeshanunua kuku wawili, nimeshakuhesabia sahani, unataka kuniaibisha? Akaja. Akakaa ukingoni mwa kitanda na ndizi mbili mkononi, akala moja, akanywa maji ya chupa yake mwenyewe.

Baada ya wiki mwenzake wa chumba akaniambia ulikuwa mwezi wa Shravan. Kwao nyama haiguswi mwezi mzima, na yeye hata chombo kilichopikiwa nyama hali. Alikuwa amenikatalia mara nne. Mara nne wadau, na mimi sikusikia hata moja.

Sasa Kaku nimkatalieje mpaka asikie? Na hapana ya mtu asiyelitamka neno lenyewe nitaijuaje?

MbabeWaBuza

Unajitesa bure. Hapana ni hapana. Simama, sema hapana asante, ondoka mezani. Atazoea. Kodi si unalipa?

BintiPangani

Kodi nalipa kaka. Uji wa mchele sikuulipia.

BaWaKizingo

Mwanangu, mimi ni Mhindi wa Mombasa, Mkachchi, babu alishuka na jahazi kutoka Mandvi. Nimezaliwa Kizingo, nikaolewa Rajkot 1988, nikakaa huko miaka kumi na tisa. Nimecheka hiyo samli mpaka machozi.

Hilo lililokupata lina jina: aagrah. Wagujarati wanalo, na hao Wamarathi wako wanalo. Ni kule kumshikilia mgeni: chukua, chukua kidogo, hata kwa ajili yangu. Mwenye nyumba asiyefanya aagrah husemwa alipika kwa choyo. Na mgeni anayepokea mara ya kwanza tu husemwa ametoka na njaa kwao. Kwa hivyo "la" ya kwanza ni adabu tu, haihesabiwi. Ya pili nayo ni adabu. Sasa wewe ulisema bas, ukasema nako, kisha ukafunika sahani. Hapo ulikuwa umeshashinda! Mkono juu ya sahani ndio hakimu. Ungeuacha palepale hata kama samli inadondoka. Ulipoutoa kujifuta, mchezo ukaurudisha wewe mwenyewe.

Shukuru hujaenda harusini. Huko shangazi wa bwana harusi hupita na trei ya mithai akikutia mdomoni kwa vidole vyake. Huna sahani ya kufunika, ni kufumba mdomo tu.

Sikiliza sasa. Ya kwanza usiimalize upesi, sahani tupu kwetu ni ombi. Kisha omba wewe kabla hujapewa, tena omba nusu. Kwa Kimarathi nusu poli ni "ardhi poli". Najua, najua, utaonekana unaomba kiwanja. Lakini aliyeomba nusu hajakataa, na mpishi naye ameshinda. Halafu iko "la" moja ambayo hakuna mama wa Kihindi atakayebishana nayo, nayo ni upvas, kufunga. Sema leo nimefunga, kijiko kitarudi chunguni. Ila kwa Wamarathi jihadhari, utaletewa sabudana khichdi, ndicho chakula chao cha siku ya kufunga, kina karanga na samli na kinakaa tumboni kuliko hiyo poli. Na usiseme umefunga kama hukufunga, hilo nakwambia kama mama yako. Vidonda vya tumbo umemwambia? Sema una asiditi, kwa neno hilohilo. Kila nyumba India ina mtu wa asiditi.

Sasa nikwambie lisilochekesha. Meza ile ni tamu kwa mgeni kwa sababu mgeni huondoka. Mimi nilikuwa bahu, mke wa mwana. Maneno niliyoyasikia miaka yote ni "thoda adjust kar lo", jibane kidogo. Kwenye treni ni maneno mazuri, benchi la watatu mnakaa wanne na wa nne ana mtoto. Nyumbani anayejibana ni yuleyule kila siku. Nilitaka kufundisha shule, wakasema tutaona. Hapana sikuambiwa hata mara moja. Ningeambiwa ningepigana nayo. "Tutaona" unapigana nayo vipi?

Mimi "nahi" yangu ya kwanza, hapana yenyewe, niliitamka nina miaka 41, nikimwambia shemeji aliyetaka dhahabu yangu akaiweke rehani akope. Nyumba nzima kimya. Mama mkwe akainuka akanitilia chai. Mpaka leo sijajua chai ile ilikuwa inasema nini.

MuuguzaMzee

Nilikaa Chennai miezi minne nikimuuguza baba. Kule unalishwa kwenye jani la mgomba. Ukishiba unalikunja kuja upande wako, mhudumu anapita na ndoo ya sambar, mchuzi wa dengu, kama hakuoni. Usilikunje kwenda mbele tu, wenyeji waliniambia hivyo ni vya msibani.

Kuhusu mtikiso wa kichwa, mimi niliacha kuuliza "utakuja?" Nauliza "saa ngapi?" Anayekuja hutaja saa. Asiyekuja hutikisa tena.

ZamaniDeccan

Nimesoma Pune 2009 hadi 2012 na nashangaa hakuna aliyemkumbusha huyu dada yuko mji gani. Pune inajulikana India nzima kwa vibao vyake, wanaviita puneri pati. Watu walewale ambao mezani hawakukatalii, wala hawakubali ukatae, hapana zao zote wameziandika getini, kwa Kimarathi safi chenye pilipili. Mwenye nyumba wangu aliandika: "Anwani hatuelekezi. Hatukuajiriwa na posta." Jirani yake: "Usiegeshe hapa. Tairi likiisha upepo tusijuane." Mzee huyohuyo wa tairi ukipita anakuita ndani, anakukamatisha poha na chai, ukisema umeshiba anakasirika.

Dada, nenda kaangalie geti la Kaku. Kama kuna kibao, tafuta mtu akusomee.

Na ukiaga usiseme naenda. Mwanamke anasema "yete", mwanamume "yeto", yaani nakuja. Naenda haitamkwi mlangoni, ni kisirani. Watu ambao hata kwaheri wameigeuza kuwa nakuja, wewe ulitegemea wakwambie pilau lako hatulitaki?

SheriaNaChai

Nimecheka na nyinyi wote, ila naomba nivute mada kidogo. BintiPangani, hayo ya Kaku usije ukayapeleka kwa wanaume.

Nasomea sheria Delhi. Mwaka wangu wa kwanza kijana mmoja wa madarasa ya juu alinitumia "friendship karogi?", yaani utakuwa rafiki yangu? Nikajibu kwa upole, samahani, nina masomo mengi. Yeye akaona mlango uko wazi, una pazia tu. Nikasema nina mchumba. Akauliza, yuko Tanzania? Kwa hiyo kikwazo ni umbali. Kila sababu niliyompa aliishika akaanza kuitafutia dawa. Amekulia na sinema ambazo shujaa anamfuata msichana nyimbo tatu nzima anakataliwa, na wimbo wa nne wako wote Uswisi kwenye theluji, dada wa watu na sari nyepesi.

Wala si sinema peke yake. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Delhi ilimwachia mtu aliyekuwa amehukumiwa kwa ubakaji, na kwenye hukumu ikaandikwa kwamba "hapana" dhaifu huenda ikamaanisha "ndiyo". Tuliisoma darasani, wasichana tukatazamana. Na hiyo ni miaka minne baada ya sheria kurekebishwa. Marekebisho ya 2013, yaliyokuja baada ya msichana kubakwa na kundi la wanaume ndani ya basi Delhi Desemba 2012, yanasema ridhaa ni kukubali kwa hiari kusiko na utata. Aagrah haina nafasi hapo.

Basi nikaacha kutoa sababu. Nikaandika sentensi mbili: "Nahi. Mujhe message mat karo." Hapana, usinitumie ujumbe. Sikuweka samahani wala kikatuni cha kucheka. Nikapiga picha ya skrini nikaihifadhi. Alipotuma tena nikaipeleka kwenye kamati ya ndani ya malalamiko, kila chuo kinatakiwa kuwa nayo. Aliitwa siku moja, ikaisha. Sheria inasema kumfuatafuata mwanamke na kumtafuta, au kujaribu kumtafuta, tena na tena, wakati ameonyesha wazi hataki, ni kosa, kifungo mpaka miaka 3 kwa mara ya kwanza. Zamani kilikuwa kifungu cha 354D, tangu 1 Julai 2024 ni cha 78 kwenye sheria mpya. Uzito wote uko kwenye hiyo "ameonyesha wazi". Ndiyo maana mimi kwa wanaume siongei Kikaku. Namba za kukaa nazo kwenye simu ni 112 ya dharura na 181 ya wanawake.

Na huyo wa ripoti usimpe sababu. Sababu ndiyo mpini anaoushikia.

MbabeWaBuza

Si ndicho nilichosema mimi toka mwanzo?

SheriaNaChai

Wewe ulisema hayo afanyiwe Kaku.

BintiPangani

Wadau nimerudi, ni wiki mbili sasa. Nianze na madogo. Wa ripoti nilimwandikia "nahi" peke yake. Nilikaa dakika nne naangalia simu, mapigo ya moyo nayasikia masikioni. Akajibu "ok". Ok tu! Ripoti zangu mbili.

Rafiki yangu wa Nagpur nilimfuata mikono mitupu, sikubeba hata biskuti. Nikamwambia nimejua kuhusu Shravan, na ile simu sikupaswa kuipiga. Akasema "arre, koi baat nahi", si kitu. Nikaanza kueleza tena, kwamba mimi kwetu, kwamba sikujua, kwamba kuku... Akaweka kidole mdomoni, "Bas." Hiyo niliisikia. Juzi nimemwalika chai, nikauliza saa ngapi kama alivyosema MuuguzaMzee. Hakutaja saa. Nikanyamaza, ingawa vidole vilikuwa vinaniwasha. Kesho yake yeye mwenyewe akaniita kwake.

Alivyonisindikiza nyumbani nikamwonyesha geti. ZamaniDeccan, kibao kipo! Mwaka mzima napita pembeni yake nikidhani ni jina la nyumba. Akanisomea: "Saa 7 mpaka saa 10 mchana kengele isiguswe. Mwenye haraka angekuja asubuhi." Nikataka ardhi inimeze, na hapa nasema ardhi yetu, sio nusu. Kila Jumapili dabba mimi nalishusha saa nane mchana. Nabonyeza kengele. Kaku anafungua na alama ya mto shavuni, anasema "ye, ye", ingia, ingia, na ananikalisha. Sasa hivi nalishusha saa kumi na moja.

Jumapili iliyopita nikaomba ardhi poli. Mumewe alicheka mpaka akakohoa, matamshi yangu nadhani. Nikapewa nusu. Nusu ya pili ikapakwa samli ikawekwa ukingoni mwa sahani, eti ile ya kwanza isikae peke yake. Mkono ukawa juu ya sahani, Ba, na nikauacha hapo. Nikamwambia asiditi. Kaku akaweka kijiko chini kama askari kaweka bunduki, akaenda jikoni, akarudi na mbegu za ova, dawa yao ya tumbo, na chumvi nyeusi, nitafune. Ndiyo hivyo, nikatafuna.

Dabba safari hii nilikuwa nimelijaza visheti. Kaku akachukua kimoja, akakila chote, akalamba vidole. Kabla hajamaliza kulamba mimi nimeshashika cha pili, nimeshamwinamia, "ghe na, Kaku, ghe na," chukua bwana. Akafunika sahani yake kwa kiganja.

"Nako, bala. Sugar aahe."

Ana sukari. Miezi kumi na nne nakula kwake, na ile Jumapili ya poli hakugusa hata moja, sikujiuliza kwa nini. Kisheti kipo hewani, chenga za sukari zinamdondokea juu ya mkono, mumewe kaacha kutafuna.

Nikakirudisha koponi.

BaWaKizingo

Na dabba?

BintiPangani

Limerudi jana jioni. Chakli, vile vitafunwa vya chumvi vya kukaanga, ghorofa zote tatu.